Sabufa ya gari imechoka, au tatizo ni betri? Pima kabla ya kutoa pesa yako

Vijana sita wa hapa Nakivale walianzisha kazi ya kukodisha muziki kwenye harusi na mikutano ya kanisa. Walikopa kwenye kikundi chao cha akiba, wakanunua sabufa ya gari ya inchi 12 iliyotumika. Dukani ilipigwa kwa dakika mbili, ikasikika vizuri, wakalipa shilingi 200,000 za Uganda. Jumamosi, harusi ikiwa imechangamka, sabufa ilianza kukwaruza, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, kisha ikanyamaza. Walilazimika kurudisha malipo ya wenye harusi, na mpaka leo wanadaiwa na kikundi. Jibu la muuzaji lilikuwa fupi: kilichouzwa hakirudishwi.

Kinyozi mmoja jirani yao alipata hasara ya namna nyingine. Kila jioni besi ilikuwa inapungua kwenye saluni yake. Akaamini kuwa spika imekufa, akaiuza kwa bei ya vyuma chakavu na kununua nyingine. Ile ya pili nayo ikafanya vilevile. Kumbe tatizo lilikuwa betri yake ya sola.

Vijana wale walinunua sabufa mbovu wakidhani ni nzima. Kinyozi alitupa sabufa nzima akidhani ni mbovu. Wote wangeokoa pesa zao kwa ukaguzi wa dakika chache. Makala hii inakueleza jinsi ya kufanya ukaguzi huo, iwe una saluni, ukumbi wa video, kwaya, boda boda yenye muziki au biashara ya kukodisha vyombo.

Kwa nini spika za magari zimejaa kwenye makazi yetu?

Sababu ni umeme. Sehemu nyingi za makazi, na vijiji vingi vya wenyeji wanaotuzunguka, hazina umeme wa gridi. Watu wanatumia paneli ya sola na betri ya volti 12. Amplifaya ya gari nayo imetengenezwa kutumia volti 12, kwa hiyo unaiunganisha kwenye betri moja kwa moja bila kununua inveta. Ndiyo maana vifaa vilivyotoka kwenye magari yaliyoharibika au ya zamani vinapata soko haraka, kuanzia Nakivale na Kyaka II hapa Uganda hadi Kakuma nchini Kenya na Nyarugusu nchini Tanzania.

Lakini kifaa kilichotoka kwenye gari kuukuu kimeshafanya kazi miaka mingi kwenye joto, vumbi na mtikisiko. Huwezi kujua historia yake kwa kuangalia rangi yake tu.

Sabufa inafanyaje kazi?

Ukielewa sehemu zake, utaelewa pia inavyoharibika. Sabufa ina sehemu kuu tano:

- Sumaku. Ni ile sehemu nzito ya nyuma.
- Koili. Ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye bomba fupi, ndani ya nafasi nyembamba ya sumaku. Huioni bila kufungua spika.
- Koni. Ni ile sehemu pana ya mbele inayosukuma hewa. Inaweza kuwa ya karatasi ngumu, plastiki au kitu kingine chepesi.
- Mpira wa pembeni. Unaishikilia koni kwenye fremu ya chuma na kuiruhusu icheze mbele na nyuma. Baadhi ni mpira halisi, mingine ni sponji.
- Kitambaa chenye mikunjo nyuma ya koni. Kazi yake ni kuiweka koili katikati ili isiguse sumaku.

Amplifaya inapotuma umeme kwenye koili, koili inavutwa na kusukumwa na sumaku. Koni inafuata, hewa inasukumwa, nawe unasikia besi. Umeme mwingi unaoingia haugeuki kuwa sauti, bali unageuka kuwa joto ndani ya koili. Kwa hiyo sabufa hufa kwa njia kuu mbili: koili kuungua kwa joto, au sehemu zinazocheza kuchanika, kulegea na kupoteza mstari wake. Dalili zote utakazosoma hapa chini zinatoka kwenye moja ya njia hizo.

Dalili saba za sabufa iliyochoka

1. Inakwaruza. Unasikia sauti kama mchanga unaosuguliwa, hasa besi inapokuwa ndefu. Mara nyingi koili imepinda au imetoka katikati, na sasa inagusa sumaku. Hii ni dalili mbaya, kwa sababu kila mpigo unazidi kuikwangua koili.

2. Inapiga kelele za kupasuka hata sauti ikiwa ndogo. Sabufa yoyote itavuruga sauti ukiizidishia. Lakini ikivuruga hata kwenye sauti ya chini ambayo zamani iliiweza, kuna kitu kimechanika au kimelegea.

3. Harufu ya kuungua. Gundi na kifuniko cha waya wa koili vikipata joto kali hutoa harufu unayoweza kuitambua kwa urahisi. Ukiisikia, zima mara moja. Huenda koili bado haijakatika, na kuzima kwa wakati kunaweza kuiokoa. Spika iliyowahi kuungua mara nyingi hubaki na harufu hiyo kwa muda mrefu, kwa hiyo inusa karibu na sumaku unapotaka kununua.

4. Inakatakata. Sauti inakuja na kupotea, au inarudi ukigusa koni. Chunguza zile nyuzi laini zinazotoka kwenye ncha za kuunganishia waya hadi kwenye koni. Zinapinda kila mpigo, na baada ya miaka hukatika. Fundi mzuri anaweza kuzirekebisha kwa gharama ndogo.

5. Mpira wa pembeni umepasuka au unameguka. Sponji huzeeka yenyewe kutokana na umri, joto, unyevu na jua, hata kama spika haikutumika. Ukiigusa kwa kidole inabaki mkononi kama unga. Mpira halisi hudumu zaidi, lakini nao unaweza kubanduka kwenye gundi yake.

6. Koni haichezi, au inacheza kupita kiasi. Koni iliyokaza kama ukuta inaonyesha koili iliyoyeyuka na kushikana na sumaku. Koni iliyolegea sana, inayobaki imezama upande mmoja, inaonyesha kuwa kitambaa cha nyuma kimechoka au kimebanduka.

7. Kimya kabisa. Koili imekatika, au nyuzi zimekatika. Lakini kimya pia kinaweza kutoka kwenye amplifaya, fyuzi au waya. Usihukumu kwa dalili hii peke yake.

Kabla ya kuilaumu sabufa, kagua haya

Kwenye makazi yetu, besi mbaya mara nyingi inaanzia mahali pengine. Anza na vitu ambavyo kuvikagua hakugharimu kitu.

Betri. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika inaonyesha takriban volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha karibu 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, imechoka na haifai kuendelea kutumika kabla ya kuchajiwa. Jambo la muhimu zaidi ni kupima muziki ukiwa unapiga. Kama volti zinaanguka kwa nguvu kila besi inapogonga, betri imezeeka, haijajaa, au waya ni mwembamba mno. Hii ndiyo hali aliyokuwa nayo yule kinyozi: mchana paneli ilikuwa inasaidia, jioni betri ilibaki peke yake na kushindwa.

Nyaya. Hesabu ni rahisi: gawa wati kwa volti, unapata ampea. Wati 300 kwenye volti 12 ni ampea 25. Huo ni umeme mwingi kupita kwenye waya mwembamba wa taa. Waya ukiwa wa moto mkononi, ni mwembamba mno au umeunganishwa vibaya. Angalia pia kutu nyeupe au ya kijani kwenye vichwa vya betri.

Fyuzi na taa ya amplifaya. Amplifaya nyingi zina taa ya kijani au bluu zikiwa sawa, na nyekundu zinapojilinda kwa sababu ya hitilafu. Taa nyekundu ikiwaka, tenganisha nyaya za sabufa kisha washa tena. Ikizimika, tatizo huenda liko kwenye sabufa au waya wake. Ikibaki nyekundu, tatizo huenda liko kwenye amplifaya yenyewe.

Boksi. Sabufa inahitaji boksi lake. Ukiipiga ikiwa imeshikwa mkononi au imelazwa mezani, besi itakuwa nyembamba hata kama ni mpya, kwa sababu hewa ya mbele na ya nyuma zinafutana. Boksi lililopasuka, lililolowa mvua au lenye skrubu zilizolegea hutoa miluzi na mtetemo unaofanana kabisa na spika mbovu. Kaza skrubu zote, kisha pitisha kiganja kwenye maungio ya mbao muziki ukiwa unapiga, usikilize kama hewa inavuja.

Chanya na hasi. Kama una sabufa mbili na besi imepotea ghafla baada ya kuhama au kuunganisha upya, huenda moja imeunganishwa kinyume. Moja inasukuma na nyingine inavuta, kisha zinafutana. Geuza nyaya za moja tu usikilize tofauti.

Vipimo vitano unavyoweza kufanya mwenyewe

Zima amplifaya na utenganishe nyaya za sabufa kabla ya kuanza.

Kipimo cha macho. Peleka spika kwenye mwanga. Angalia mpira wa pembeni mzunguko wote, si upande mmoja. Angalia koni kama ina tundu au imelowa. Angalia kofia ndogo ya katikati: kama imekatwa na kubandikwa upya, spika imeshafunguliwa. Hiyo haimaanishi ni mbovu, lakini una haki ya kuuliza nani aliifungua na kwa nini.

Kipimo cha mkono. Weka vidole vya mikono yote miwili kwenye koni, pande mbili zinazotazamana, karibu na katikati lakini si juu ya kofia. Sukuma polepole na kwa usawa, kisha achia. Inatakiwa kushuka laini na kurudi yenyewe bila sauti. Ukisikia kukwaruza, rudia kwa kubadilisha mahali pa vidole, kwa sababu kusukuma upande mmoja kunaweza kuifanya hata spika nzima ikwaruze. Ikikwaruza kila mara, iache.

Kipimo cha betri ya tochi. Chukua betri ndogo ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya. Gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Utasikia mgongo mdogo na kuona koni ikisogea, kwa kawaida kuelekea nje. Isiposogea kabisa, huenda koili au nyuzi zimekatika. Usitumie betri ya gari au ya sola kwa kipimo hiki. Unaweza kuiunguza spika nzima.

Kipimo cha mita. Fundi wa simu au redio ana mita, na ukimwomba atakupimia. Iweke kwenye omu, kipimo cha chini kabisa. Kwanza gusanisha ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, ili uondoe kiasi hicho kwenye jibu. Kisha pima kwenye ncha za spika. Mita hairudishi namba ileile iliyoandikwa kwenye sumaku, bali inasoma chini kidogo:

- Spika iliyoandikwa omu 2 husoma karibu 1.6 hadi 1.9.
- Iliyoandikwa omu 4 husoma karibu 3.2 hadi 3.7.
- Iliyoandikwa omu 8 husoma karibu 5.5 hadi 7.

Mita isiposoma chochote, njia ya umeme imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya za koili zimeshikana, na spika hiyo inaweza kuua amplifaya yako. Namba ikirukaruka unaposogeza koni taratibu, nyuzi zinaelekea kukatika.

Sabufa nyingi za magari zina koili mbili, hivyo zina ncha nne za kuunganishia. Pima kila koili peke yake. Zote mbili zinatakiwa kusoma karibu sawa. Muuzaji anaweza kukupigia koili moja iliyo nzima bila wewe kujua kuwa ya pili imekufa.

Kipimo cha kubadilishana. Hiki ndicho kinachomaliza ubishi. Chukua spika nyingine unayojua ni nzima, yenye omu zinazolingana, uiunganishe mahali pa ile unayoishuku. Kama tatizo limebaki, spika yako haina kosa. Kama limeondoka, spika ndiyo mbovu. Anza na sauti ndogo, kwa sababu amplifaya iliyoharibika inaweza kuunguza spika ya pili pia.

Ukinunua iliyotumika

Nenda mchana, uwe na mtu wa pili. Vijana wale walikwenda jioni, wakiwa na haraka ya harusi, na muuzaji ndiye aliyechagua wimbo na kiasi cha sauti. Wewe fuata utaratibu huu:

- Fanya vipimo vya macho, pua, mkono na mita kabla spika haijawashwa.
- Omba ipigwe ndani ya boksi kwa dakika 15 au zaidi, kwa sauti utakayoitumia kazini. Koili iliyodhoofika inaweza kusikika vizuri ikiwa baridi, kisha ikashindwa ikipata joto.
- Chagua mwenyewe wimbo unaoujua, wenye besi ndefu.
- Baada ya hapo, zima na ugusishe mkono kwenye sumaku. Vuguvugu ni kawaida. Joto kali na harufu si kawaida.
- Usiamini namba kubwa ya wati iliyochapishwa mbele. Namba hiyo mara nyingi ni ya kilele, kiasi ambacho spika inavumilia kwa muda mfupi sana. Kinachokuhusu ni wati za kuendelea, ambazo huwa ndogo kuliko hizo.
- Omba risiti yenye tarehe, bei, aina ya kifaa na siku ambazo unaweza kukirudisha. Kama muuzaji hana risiti, andikeni kwenye karatasi na mtie sahihi wote wawili mbele ya shahidi. Hata siku tatu za kujaribu ni bora kuliko kutokuwa na chochote.

Kama pesa ni ya kikundi cha akiba, kikundi kikubaliane kabla ya kununua nani atapima na nani atashika risiti. Mzozo wa baadaye huwa mgumu zaidi kuliko mazungumzo ya mwanzo.

Kutengeneza au kuacha?

Mambo ambayo kwa kawaida yanafaa kutengenezwa ni nyuzi zilizokatika, mpira wa pembeni uliobanduka, ncha za waya zilizolegea na boksi linalovuja. Kazi hizi zinahitaji gundi inayofaa, lehemu na uvumilivu. Tahadhari na gundi kavu inayokauka kwa sekunde chache: ikiganda kwenye mpira wa pembeni inaufanya mgumu, kisha unapasuka tena pembeni ya kiraka.

Koili iliyoungua inaweza kubadilishwa na fundi anayejua kazi hiyo, lakini lazima apate koili yenye kipenyo, urefu na omu sawa na ya zamani, na aiweke katikati kabisa. Muulize bei ya kazi yote pamoja na vifaa, halafu linganisha na bei ya spika nzima. Gharama ikifika zaidi ya nusu, fikiria mara mbili. Mwombe pia akurudishie koili ya zamani, ili ujue kweli imebadilishwa.

Spika iliyokufa kabisa usiichome moto ili kupata shaba. Moshi wa plastiki na gundi una sumu, na watoto ndio wanaosimama karibu zaidi. Mpe fundi, maana sumaku, fremu na ncha zake bado zinaweza kumsaidia kutengeneza nyingine.

Kwa nini zinakufa mapema?

Watu wengi wanadhani spika huuawa na amplifaya kubwa tu. Amplifaya ndogo iliyolazimishwa nayo inaua. Ukifungua sauti hadi mwisho, au betri ikiwa imeshuka, amplifaya inaishiwa nguvu na kuanza kukata vilele vya mawimbi ya sauti. Unasikia besi ikiwa ngumu na yenye mikwaruzo. Wakati huo koili inapata joto zaidi kuliko kawaida. Wapigaji wengi hujibu kwa kuongeza sauti, na hapo ndipo spika inapoungua. Jibu sahihi ni kupunguza.

Mambo mengine yanayosaidia:

- Usifungue sauti ya simu, ya amplifaya na kitufe cha kuongeza besi vyote hadi mwisho kwa pamoja.
- Hakikisha omu za sabufa hazishuki chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye amplifaya.
- Ipe mapumziko kwenye sherehe ndefu. Hotuba za wazee ni nafasi nzuri ya kuiacha ipoe.
- Ifunike ikisafirishwa kwa boda boda, na usiiache juani au kwenye sakafu yenye unyevu.

Usalama wako, wa watoto na wa majirani

Fyuzi ikikatika, tafuta sababu kisha weka yenye ampea zilezile. Usiweke kipande cha waya mahali pake. Waya unaopata moto bila fyuzi unaweza kuunguza nyumba, na nyumba zetu zimekaribiana. Fyuzi kuu iwekwe karibu na betri, si karibu na amplifaya.

Betri ya risasi na asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka wakati wa kuchaji. Iweke mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na kitanda cha mtoto. Ndani yake kuna asidi inayounguza ngozi na macho. Ikikurukia, osha kwa maji mengi safi mara moja na uende kituo cha afya.

Masikio nayo huharibika polepole. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki, lakini ikipanda hadi desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Kama unalazimika kupiga kelele ili mtu aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, sauti imezidi. Masikio yakilia baada ya sherehe, hilo ni onyo. Usiweke mtoto mbele ya boksi, na wewe mpigaji usisimame hapo usiku kucha.

Mwisho, kumbuka kuwa besi inapita ukutani. Jirani yako anaweza kuwa mgonjwa, mama aliyejifungua, au mtu ambaye mtetemo wa usiku unamkumbusha milipuko aliyoikimbia. Kabla ya sherehe, mjulishe mwenyekiti wa baraza la ustawi wa wakimbizi katika eneo lako, au mwenyekiti wa kijiji kwa upande wa wenyeji, mkubaliane saa ya kuzima. Magomvi mengi ya kelele huisha kwa mazungumzo hayo madogo.

Vijana wale sita wamempelekea fundi sabufa yao. Ameifungua na kuwaonyesha koili nyeusi iliyokuwa imeshabandikwa gundi zamani, kabla hawajainunua. Anasubiri koili inayolingana. Kwa sasa wanaazima spika ya kanisa kwa makubaliano, na wanalipa deni la kikundi kidogo kidogo. Mmoja wao amenunua mita ya bei ndogo, na anawapimia majirani wanaotaka kununua spika.

Ikiwa una swali kuhusu betri, sola au vifaa vya muziki unavyotaka kununua, fika kwenye kituo cha habari kilicho karibu nawe, au muulize fundi unayemwamini kabla ya kulipa. Msomee makala hii pia mwenzako asiyesoma Kiswahili vizuri.